Paskalina Hakulia

Siku ile mama alikuwa anapepeta maharage uani, nami nikichambua mawe. Kijiji chetu cha Balangdalalu kilikuwa bado mkoa wa Arusha. Wanunuzi wa ng'ombe walikuwa wameanza kuja na malori yao, bei ikapanda, na wezi wa mifugo nao wakaacha mikuki wakashika bunduki.

Mdogo wangu Paskalina, mwenye miaka mitano, alijikwaa akachubuka goti. Akafungua mdomo kulia. Mama akamkazia macho, naye akaufumba.

Ndivyo tulivyolelewa. Aliyelia alizibwa mdomo kwa kiganja mpaka atulie. Zamani bibi zetu walijificha dhidi ya maadui kwenye nyumba zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, na mtoto mmoja mwenye kelele angewamaliza wote. Jirani yetu Mwalimu Zuhura, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mwanawe akilia alimpakata akamuuliza panapouma. Mama alimcheka kwamba anadekeza.

Alasiri risasi zikaanza kulia zizini.

Tulikimbilia nyumba ya zamani ya bibi, iliyochimbwa kilimani, Mwalimu na mwanawe pamoja nasi, Paskalina akifuata nyuma.

Chumba cha ndani kilikuwa giza tupu. Watoto wadogo walisukumwa kwenye magunia. Mtoto wa Mwalimu akaanza kulia.

Mama akanyoosha kiganja.

"Mwache, Mama Veronika," Mwalimu alinong'ona, akimwita mama kwa jina langu. Akamvuta mwanawe kifuani. "Unaogopa. Hata mimi naogopa. Nipo hapa."

Mtoto akatulia.

"Wangu je, umemsikia akilia?" mama akanong'ona, na nilisikia fahari kwenye sauti yake.

Baba alipotuita kwamba wezi wameondoka, tulitoka wote isipokuwa Paskalina. Alikuwa ameegemea gunia. Risasi ilimpata pajani tukikimbia, na gunia lilikuwa limelowa damu upande mzima.

Baadaye Mwalimu alisema lile lilikuwa jeraha la kufungwa kwa kanga damu ikakoma, kama tungejua. Nilimchukia kwa kusema hivyo, ingawa alisema kweli.

Waombolezaji walikaa nasi. Mama hakutoa chozi, wakamsifu kwa uvumilivu. Mimi niliyelala naye chumba kimoja nilijua kwamba hakuweza kulia.

Nimezaa wanne. Sijamziba yeyote mdomo. Lakini wakilia sina neno la kuwaambia, maana sikulisikia nyumbani, na nalitafuta mpaka leo. Wanangu wakiumia hawaji kwangu. Wanakwenda kwa jirani.