Mkono Uliotiwa Karaini

Mtaani walimwita Sikio, kwa sababu tyubu ya gurudumu aliiweka sikioni kabla ya kuizamisha kwenye karai la maji. Miaka ishirini na saba alikaa nyuma ya kituo cha mafuta akiziba pancha, na taratibu zake hakuzivunja. Alisikiliza, akazamisha, na vipovu vilipotokea alitia alama papo hapo kwa ncha ya msumari, maana tundu lisilotiwa alama litakucheka ukishalitoa majini. Kiraka kikishika, tyubu ilirudi karaini mara ya pili. Maneno hakuwa nayo mengi. "Semeni na mimi," mkewe aliwaambia wateja, "huyu huongea na matairi."

Kisha uvimbe ukamwota mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Hospitalini wakasema ni saratani, na tiba ikishindwa mkono utakatwa.

Daktari alimweleza njia waliyokuwa wakiijaribu. Vipovu vidogo visivyoonekana kwa macho vingetiwa kwenye mshipa wa mkono wa kushoto, na damu ingevifikisha kwenye uvimbe. Hapo mawimbi ya sauti yangevitikisa mpaka vipasuke na kuidhoofisha mishipa inayoulisha uvimbe, ili mionzi ikija iukute hoi.

"Ila mionzi ifuate kabla ya saa sita mchana," daktari alisema. "Tukichelewa, tumetwanga maji kwenye kinu."

Sikio aliitikia kwa kichwa. Neno lililomkaa lilikuwa moja: vipovu. Maisha yake yote kipovu kilikuwa na maana moja tu, tundu.

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, walimpaka jeli baridi na kupitisha kifaa juu ya uvimbe. Walimwambia hatasikia kitu. Akasikia. Ta, ta, ta, kama mchanga unaodondoka juu ya bati, ndani ya nyama yake. Aliona haya kusema.

Mkewe alipokwenda dirisha la dawa, yeye alisubiri kwenye korido ya chini, isiyo na dirisha wala mtu. Ukuta ulivuma kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Akauweka mkono sikioni. Ta. Bado.

Mbele yake chumba cha usafi kilikuwa wazi. Sakafuni palikuwa na karai lililojaa maji yaliyotulia tuli, kana kwamba limewekewa yeye.

Akapiga magoti, akauzamisha mkono, akausugua ile jeli itoke. Maji yakatulia tena. Kisha kipovu kikapanda. Kikafuata kingine, na kingine, mstari mwembamba kutoka mahali pasipo na kidonda. Mkono wa kushoto ukafanya ulichozoea: ukachomoa msumari mfukoni, ukakwaruza duara kwenye ngozi, pale vilipotokea.

Saa tano na nusu mtaalamu wa mionzi, binti wa rika la mwanawe, alimlaza mezani. Akaugeuza mkono huku na huku.

"Mzee, alama ziko wapi?"

Misalaba ya wino waliyomchora jana yake, ya kuonyesha mionzi ipite wapi, ilikuwa imefutika.

"Nimeosha," Sikio alinong'ona. "Nilikuwa natafuta tundu."

"Jamani!" mkewe alilia mlangoni. "Baba watoto, umejitia karaini kama tyubu? Mkono ukikatwa utaziba pancha kwa meno?"

Binti hakucheka. Alileta picha za ndani ya mkono, akapima, akarudia, akachora upya huku akiitazama saa ya ukutani. Msalaba wa katikati haukuangukia pale palipotuna. Ulianguka vidole viwili pembeni, juu ya mzizi wa uvimbe uliojificha, ambao picha pekee ziliuonyesha. Ulianguka katikati ya duara la msumari.

"Nani amekuchora hapa, baba?"

"Mimi."

"Nani alikuonyesha?"

"Maji."

Binti alimtazama kidogo, akatoka. Mlango mnene ukajifunga. Mashine ikamzunguka polepole, na Sikio akasikia mkononi mwake pumzi ndefu ikitoka, kama ya tyubu inayoishiwa upepo. Kisha kimya. Zilibaki dakika nne ifike saa sita.

Mkono upo mpaka leo, na uvimbe umenywea. Siku moja mkewe alimsogezea karai la maji safi.

"Si ndio utaratibu wako, baba watoto? Kiraka kikishika, mara ya pili majini."

Sikio aliyatazama maji yale yaliyotulia. Akashusha mkono wa shati mpaka kifundoni, akafunga kifungo.

"Huu hapana," akasema, na tyubu ya mteja akaizamisha kwa mkono wa kushoto.