Mokaya Alipoenda Makambi na Rejista

Jumatatu ile naikumbuka, mwanangu, hata bila kuulizwa. Naikumbuka kila nikiona kiti hiki utakachokalia wewe kuanzia wiki ijayo. Wewe una diploma, mimi niliishia darasa la saba. Niliingia kliniki hii ya Ekerenyo kupiga deki, na kompyuta nilijifunza kwa kuchungulia nikiwa na mopu mkononi. Kwa hiyo nisikilize kama mtu aliyeona, si kama mtu aliyesoma. Na nitataja majina. Wenzangu wakisimulia hii habari husema "kulitokea shida ya mashine." Mashine haikwenda makambi. Aliyekwenda makambi ni Mokaya.

Wakati huo nilikuwa bado kijana, Naomi wangu ananyonya, na nilikuwa nimepandishwa cheo kutoka deki hadi meza ya kuandikisha akina mama. Kompyuta zilikuwa mbili katika chumba kimoja, zimeunganishwa kwa waya uliopita chini ya meza. Ndani yake kulikuwa na rejista, ile ile unayoiona leo, yenye madirisha ya kijivu na herufi nene. Aliyeitengeneza ni fundi mmoja wa Kisii mjini, Obare. Alituwekea, akatuonyesha asubuhi moja, akaondoka, na tangu siku hiyo tulimjua kwa sauti ya simu tu.

Rejista yenyewe inakaa kwenye kompyuta moja, ile ya karani, na mwingine anaifikia kupitia waya. Watu wawili wanaweza kuitumia pamoja bila ugomvi. Lakini mmoja akiifungua kwa njia ya kuirekebisha, yaani kubadilisha ripoti au kuongeza sehemu mpya, inamfungia mwenzake nje. Obare alisema hivyo asubuhi ile ile. Nilisikia, nikiwa napanguza dirisha. Mokaya, aliyekuwa karani, alikuwa anakunywa chai.

Sasa, kila Jumatatu rejista ilitoa ripoti moja muhimu kuliko zote: orodha ya akina mama wa kufuatwa. Hawa ni wale waliokwisha kujifungua kwa kupasuliwa, au wenye damu ya kupanda, ambao hawafai kuzalia nyumbani. Karatasi hiyo alipewa Nyaboke, mhudumu wa afya wa vijijini. Yeye alikuwa akizunguka nayo hadi Magwagwa na kwingineko, na mama akibakiza wiki mbili analetwa na gari la kliniki alale hapa karibu na daktari. Nyaboke hakuwa na kingine cha kumwongoza. Jina likiwa kwenye karatasi, anafika hata kama mvua imekata barabara. Jina lisipokuwepo, angejuaje?

Ijumaa moja ya mwezi wa nane, Mokaya akaamua kuongeza sehemu ya kijiji kwenye ile ripoti. Wazo zuri, sikatai. Lakini alianza saa kumi jioni, jua la Sabato linaelekea kuzama, na gari la kwaya linapiga honi nje kumpeleka makambi, ile wiki ya mahema ya Wasabato, kule Nyanchwa. Hakumaliza. Hakufunga. Alibandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta, USIGUSE, akaifungia kwa paswadi yake, akachukua blanketi na kitabu cha nyimbo, akaenda kumwimbia Mungu siku nane huku simu imezimwa.

Jumapili, maana kwetu siku ya kupumzika ni Jumamosi, tunafungua kazi, mimi napata maneno kwenye kioo changu: faili inatumiwa na mtu mwingine, jaribu baadaye. Nikajaribu baadaye. Baadaye ikawa ile ile. Akina mama wamejaa benchi hadi nje.

Nikamwendea Sista Biyaki, mkuu wetu. "Sista, tuzime ya Mokaya?"

"Wewe, usiniletee shida! Mwaka jana mliizima ghafla, majina ya mwezi mzima yakapotea. Pigia Obare."

Nikapigia Obare. "Zima, washa," akasema. Obare hata ungempigia kwamba nyumba inaungua angekwambia zima, washa. Nikamweleza kwamba haiwezi kuzimwa.

"Basi kuna nakala kwenye flashi, ile mnayotoa kila Alhamisi. Iweke kwa kompyuta yako, tumia hiyo kwa muda. Nikija nitaziunganisha."

"Utakuja lini?"

"Wiki hii hii, Mama Naomi. Niamini."

Mpaka leo sijamwona. Ana duka kubwa la kompyuta Kisii mjini, limeandikwa maneno mazuri mlangoni kuhusu huduma ya haraka.

Nikasogeza waya chini ya meza nipate pa kuchomeka flashi, nikaweka nakala. Na mwanangu, nikwambie ukweli, ilikuwa tamu. Hakuna wa kunifungia nje, hakuna wa kunisubirisha, nabonyeza na inaitika. Jumanne ya wiki ile akaja mama mmoja kutoka ng'ambo ya Magwagwa, anaitwa Kerubo. Alikuwa amepasuliwa mara mbili, na mimba hii ni ya tatu. Nikamwandikisha, nikaweka alama ya kufuatwa. Nikamwambia asisafiri, asiende kuchuma chai mashamba ya mbali, akae nyumbani, Nyaboke atamfikia na gari.

Akaniuliza, "Na asipokuja?"

Nikacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyepanda cheo juzi. "Atakuja. Jina lako liko ndani ya kompyuta."

Mokaya akarudi, sauti imekauka kwa kuimba. Akakaa, akamaliza sehemu yake ya kijiji, rejista ikafunguka kwa wote. Hapo ndipo ningesimama na kusema: Mokaya, majina ya wiki nzima yako kwangu, hayako kwako. Maneno machache tu. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini yeye akanitangulia. Aliona vile nilivyosogeza waya chini ya meza, akasema mbele ya benchi lote la akina mama, "Mama Naomi, nani alikutuma kugusa? Rudi kwa deki, hizi vitu ni za waliosoma."

Watu wakacheka. Mimi nikafunga mdomo. Nikajiambia, sawa, aliyesoma atajua mwenyewe. Na nikaendelea kuandikisha kwenye nakala yangu, wiki ya pili, wiki ya tatu, bila kusema kwa mtu. Huyo ni mimi. Nilisema nitataja majina, na langu limo.

Jumatatu ya kwanza baada ya Mokaya kurudi, ripoti ikatoka fupi. Nyaboke akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. "Hii imekatika. Akina mama wangu wengine wako wapi?"

Mokaya akasema ni wino. Wakabadilisha wino. Ikatoka ile ile, nyeusi zaidi. Akasema ni saizi ya karatasi, inakata chini. Wakaweka karatasi ndefu, ikaacha nafasi nyeupe kubwa ambayo mtoto angechora ng'ombe. Wakapigia Obare, na wewe unajua alivyosema. Wakazima, wakawasha. Wakahamisha printa kutoka meza hii hadi ile. Waliangalia kila kitu kinachobeba majina, na hakuna aliyeuliza kama majina yenyewe yaliingia. Nami niko pale pale, nimewapa mgongo, naandika.

Jumatatu iliyofuata ikawa fupi zaidi, kwa sababu wa zamani walikuwa wanajifungua na wapya walikuwa wanaingia kwangu. Unajua Sista Biyaki alisema nini? Aliishika ile karatasi akatabasamu. "Mnaona? Akina mama wa hatari wanapungua. Kazi yetu inaonekana." Akaibandika ukutani.

Halafu ndiyo ikaja Jumatatu yangu. Asubuhi, benchi limejaa, akaingia mwanamke mzee ambaye sikumjua. Alivua viatu mlangoni kwa sababu ya tope, akasimama kwenye sakafu yetu kwa miguu mitupu. Akauliza, "Yule aliyemwambia mke wa mwanangu akae nyumbani asubiri, ni nani?"

Mokaya akainua macho kutoka kwenye kioo chake.

"Alikaa," akasema. "Uchungu ulimshika Jumamosi asubuhi. Nikamwambia twende. Akasema, mama, walisema watakuja na gari, jina langu liko ndani ya kompyuta. Tukasubiri hadi saa sita. Nikaona damu. Tukamfunga kwa leso nyuma ya boda, mimi nikimshika kwa nyuma, hadi Kisii. Yeye yuko hai. Mtoto tumezika jana. Na hatazaa tena, daktari ametoa nyumba ya mtoto."

Mokaya akaandika jina la Kerubo kwenye kioo chake, akatafuta. Hakuna. Akaandika tena. Akageuka kwa yule mzee. "Omong'ina, mama yetu mzee, huyu hakuandikishwa hapa. Sistemu inaonyesha—"

Nikasema, "Yuko kwangu."

Sijui nilisemaje. Nilifungua nakala yangu na jina likatokea mara moja, limenyooka, na alama ya kufuatwa kando yake. Mokaya akaja akasimama nyuma yangu akitazama. Sista Biyaki akaanza kueleza habari za nyaya, na flashi, na fundi asiyefika. Yule mzee alimwacha amalize. Kisha akatazama meza yangu, akatazama meza ya Mokaya, akatembea kutoka moja hadi nyingine. Hatua nne. Nilizihesabu.

"Nyinyi mnakaa chumba hiki kimoja?"

"Ndiyo, mama," Mokaya akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na hamsemezani?"

Akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka. Hakutukana, hakulia. Afadhali angetutukana.

Siku ile ile tukahamisha majina yote kwa mkono, mimi nasoma, Mokaya anaandika, hatuangaliani. Kulikuwa na wengine tisa wa kufuatwa ndani ya nakala yangu. Nyaboke alitoka na gari kabla hatujamaliza, akawapata wote, wawili akarudi nao hapo hapo. Hao tisa wana watoto wakubwa sasa. Watu huniambia nijifariji kwa hao. Nimejaribu.

Mokaya alipewa kazi ya juu zaidi mahali pengine. Sista Biyaki alistaafu kwa keki na hotuba. Mimi nilibaki, na rejista ikabaki, kila mwaka wanasema italetwa mpya. Na Kerubo anauza ndizi sokoni hapa chini. Utamwona. Akiniona husema, "Habari ya asubuhi, Mama Naomi," kwa upole kabisa, na mimi nasimama pale nikitafuta mahali pa kuweka macho.

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya. Rejista ikikufungia nje, usijitengenezee yako pembeni. Inuka, mtafute aliyeifungua, mwambie atoke, hata kama yuko makambini akisali, Mungu atamsubiri. Ukilazimika kutumia nakala, mwambie kila mtu kwa sauti, na siku rejista ikifunguka usilale kabla nakala haijarudi nyumbani na kufutwa. Usiende popote ukiiacha wazi. Ripoti ikitoka pungufu, iache printa. Uliza kwanza ni nani ameingiza wapi. Ikitoka nzuri kuliko ulivyotarajia, ogopa zaidi. Ndiyo maana kila Jumatatu unanisikia nikisoma majina kutoka kwenye daftari langu la mkono, nikiyalinganisha na karatasi moja moja, na vijana mnacheka. Chekeni. Lakini daftari nakuachia, na utasoma.

Na mtu akikudharau mbele ya watu, hata kama ni mimi, sema ulichokuwa unataka kusema. Lia baadaye. Mimi nilichagua kununa, na nilinyamaza wiki mbili nzima.

Basi kaa. Kiti kinayumba mguu mmoja, weka karatasi chini yake. Nyasae agosesenie, mwanangu, akubariki kwa lugha ya mama yangu na kwa kila lugha. Akupe masikio ya kumsikia mwenzako wa hatua nne, na mdomo usioogopa. Na kila mama utakayemwambia akae asubiri, gari na limfikie.