Endesha Kama Umebeba Mchuzi

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya mchuzi wa nazi ndani ya gari, mjukuu wangu. Nakuandikia kwa sababu juzi nimekuona hapa Mbagala ukitoka getini na kigari chako kama unafukuzwa, halafu jioni unalalamika gari linakula mafuta. Tulia nikwambie. Mie shule niliishia darasa la nne, lakini usukani nimeushika kabla mama yako hajaota meno.

Nilikuwa napika kwenye shughuli za watu. Kigari changu kidogo ndicho kilichonifanya niitwe mpaka Tandale na Sinza. Bila hicho ningebaki kupikia majirani. Basi kikaanza kunywa. Nakijaza Jumapili, Jumatano taa ya mafuta inaniwakia usoni. Babu yako akachoka.

"Hili si gari, ni ng'ombe," akasema. "Nakupa wiki mbili. Lisipobadilika, nalitafutia mnunuzi."

Nikahangaika. Fundi mmoja akanifungia sumaku kwenye bomba la petroli, eti inayapanga mafuta yaungue vizuri. Nilimwamini kwa maneno yake matamu na ovaroli yake safi. Fundi mwenye ovaroli safi, mwanangu, jiulize anafanya kazi saa ngapi. Taa ikawaka Jumatano ile ile.

Jumamosi tukapeleka chakula cha harusi Temeke. Shangazi yangu Mwanaidi, ambaye usukani hajawahi kuugusa, alikaa nyuma amekumbatia sufuria ya mchuzi. Nilikwenda kwa adabu. Nikiona foleni mbele naachia mafuta mapema, gari linajivuta lenyewe. Nikiondoka, naondoka taratibu. Halikumwagika hata tone. Wakati wa kurudi, sufuria tupu, nikarudia mambo yangu: nakanyaga, nafunga breki, nakanyaga tena.

Shangazi akasonya. "We Zuhura, wakati wa kwenda ulikuwa mtu mwingine?"

"Kwenda kulikuwa na mchuzi, shangazi."

"Na mafuta hayamwagiki? Unayachoma upate mbio, halafu hizo mbio unaziua kwa breki. Ningekuona unapika hivyo, unawasha moto mkubwa halafu unaumwagia maji, ningekunyang'anya mwiko!"

 Iliniuma, maana huyo anayenifundisha hata gia haijui iko wapi.

Kesho yake nikajaza mafuta, nikaanza upya. Nikafungua keria ya juu ya gari, iliyokuwa inapiga mluzi kwa upepo bila kubeba kitu. Kwenye buti nikatoa mafiga ya chuma na gunia la mkaa nililolisahau tangu hitima ya jirani. Matairi yalikuwa yamelegea. Nikajaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa pembeni mwa mlango, si kwa kulipiga tairi teke kama nilivyozoea. Chujio la hewa lilikuwa jeusi kama tako la sufuria, nikaweka jipya. Sumaku nikaipeleka jikoni kushikia visu. Mpaka leo iko.

Halafu wiki nzima nikaendesha kama shangazi yuko nyuma na mchuzi wake.

Jumatano ikapita bila taa. Alhamisi ikapita. Ijumaa asubuhi ndiyo ikawaka, na babu yako amekaa pembeni yangu. Akaitazama, akanitazama mie, akakohoa.

"Jumapili una shughuli wapi?"

"Sinza."

"Haya, uwahi."

Kumbe mnunuzi alikuwa keshamwita, na alikuja Jumapili hiyo hiyo. Akakuta geti wazi, gari na mie tushaondoka.

Basi mwanangu, gari dogo halitaki miujiza. Pima upepo wa matairi, usikisie. Teremsha mzigo usiokuwa na kazi nao leo. Tazama mbele kabla hujakanyaga, na ukiwa unamsubiri mtu kwa muda, zima injini, usiiache inanguruma kwa kujionyesha. Mteremkoni usitoe gia ukidhani unaokoa mafuta; utapoteza gari na wewe ndani. Na atakayekurekebisha msikilize, hata kama hajui kuendesha.

Mwenyezi Mungu akupe njia nyeupe, akufikishe salama kila uendako na akurudishe kwangu, na taa yako isiwake kabla ya Ijumaa.