Neno la Kijerumani Lililopandishwa Punda

Nakumbuka siku moja kule Kakuma, mzee mmoja alinifungia kitabu mkononi nikiwa katikati ya sentensi, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "Mwalimu, juu ya nini unatufuta?"

Mwanangu, usicheke mapema. Wakati huo nilikuwa msichana, nimetoka chuo kikuu Nairobi na Kijerumani changu na maringo yangu. Kijerumani nilijifunza nikitumaini kuongoza watalii, lakini watalii wenyewe walipofika Lodwar, Kiingereza walikijua kunishinda. Basi chuo kimoja kikanichukua niwafundishe wakimbizi wa kambi ya Kakuma falsafa ya historia. Darasani kulikuwa na Wakongo, Warundi, na vijana wa Kiturkana wa pale mjini. Huyu anajua Kifaransa, yule Kiingereza cha kuombea maji tu. Lugha iliyotukalisha benchi moja ilikuwa Kiswahili, kila mtu na chake. Ndiyo maana nikawa nikimtafsiri Mjerumani mmoja wa zamani, ukurasa kwa ukurasa, chini ya mabati yaliyokuwa na joto la jiko la mkaa.

Na sentensi za Mjerumani yule, jamani. Unaingia asubuhi, kitenzi unakikuta jioni mlango wa nyuma. Nilipoandika kwamba Roho ya Dunia inatembea ndani ya historia, dada mmoja Mrundi, mwimbaji wa kwaya, alisimama akaikemea kwa jina la Yesu. Tulicheka, tukaendelea.

Lakini kulikuwa na kitenzi kimoja ambacho Mjerumani wangu alikipenda kama chumvi, kila ukurasa anakinyunyiza. Kamusi ilisema maana yake ni kufuta. Chini yake ikasema kuhifadhi. Chini zaidi, kuinua. Nikasema kamusi hii imelewa, nikachukua la kwanza, nikaandika: "Historia huifuta jana ili isonge mbele." Hapo ndipo mzee aliponifungia kitabu.

Jina lake lilikuwa Baba Mapendo. Kwao Uvira alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla vita havijamkimbiza na familia yake. "Kwetu niliacha nyumba, niliacha kaburi ya mama," alisema. "Hapa karatasi inasema ile yote imefutwa. Mimi siwezi soma hii." Akatoka. Mkubwa akitoka, nani atabaki? Darasa zima lilimfuata, nikabaki na chaki.

Na mambo yalikuwa mabaya, mwanangu. Ijumaa ya wiki iliyofuata wahadhiri walikuwa waje kuwasikiliza wanafunzi wakieleza sura hiyo kwa maneno yao wenyewe. Wakishindwa, somo lingefungwa, wafundishwe kompyuta peke yake. Nilivimba kwa hasira siku nzima. Hasira ilipopoa nikahuzunika, maana niliwapenda wale watu.

Jumamosi nikapanda pikapu kwenda kwetu, upande wa Lorugum. Mama alikuwa anahama, malisho yamekwisha. Kwetu Waturkana nyumba ni ya mwanamke, ndiye anayeijenga na ndiye anayeivunja. Nilimkuta ameshaanza kazi, nami nikasimama kando na karatasi zangu, natafuna kalamu.

"We," mama aliniambia, "hiyo karatasi itabeba ngozi? Shika hapa."

Nikashika. Mikono yangu ilikuwa haijasahau. Tulifungua kamba, tukashusha ngozi za paa, tukazikunja, tukaziinua juu ya punda, na vibuyu vya maziwa tukavifunga ubavuni. Palipokuwa na nyumba pakabaki vumbi na majivu. Nyumba haipo. Nikamtazama punda, nyumba hii hapa mgongoni kwake, imeinuliwa, imehifadhiwa, na ng'ambo ya lagga, ule mto mkavu, itasimama tena, mlango ukitazama kwingine. Kufuta, kuinua, kuhifadhi, yote kwa mara moja! Na neno lenyewe nilikuwa nalo tangu nikiwa na meno ya utoto. Neno lilikuwa kuhama. Nilicheka mpaka punda akasogea.

"Jua limempata huyu," mama alimwambia punda.

Niliporudi Kakuma nilikwenda moja kwa moja kwa Baba Mapendo. Nikamsomea sentensi upya: "Historia huhama. Huivunja nyumba, huibeba, huisimamisha kwingine." Akamwita bintiye mdogo alete chai.

"Huyu unamuona?" aliniuliza. "Alizaliwa hapa. Anaitwa Mapendo, jina ya mama yangu. Kaburi ilibaki, jina tulibeba." Akanimiminia chai hadi ikamwagika kwenye sahani, akasema, "Mwalimu, kesho tunasoma."

Ijumaa wahadhiri wakaja. Wanafunzi walieleza sura ile vizuri, hata dada wa kwaya aliisamehe Roho ya Dunia. Ndipo mhadhiri mmoja akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Mtu huyuhuyu aliandika kwamba Afrika haina historia. Sasa mnamsomea nini?"

Baba Mapendo akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema. "Ule mzee hakufika kwetu, hakuuliza mutu. Basi nyumba yake tunaivunja. Ile tusi tunaiacha ndani ya majivu. Lakini hii neno ya kuhama ni nzuri, hii tunapandisha juu ya punda."

Vijana wa Kiturkana wakapiga makofi, "Ejok! Ejok!" yaani vizuri. Mhadhiri alivua miwani akacheka hadi akafuta machozi. Somo halikufungwa. Lipo mpaka leo, na anayelifundisha ni Mapendo, yule msichana wa chai.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayetaka kutafsiri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nusura nivunjike yote mawili. Mtu akikwambia neno lako linamuumiza, usikimbilie kumwonyesha kamusi. Rudi ulitafute tena, na utafute kwanza nyumbani kwenu, kwenye kazi za mikono ya mama yako, kwa sababu mwacha asili ni mtumwa. Na ukimsoma mkubwa wa mbali aliyekutukana, usimkimbie wala usimpigie magoti. Ivunje nyumba yake polepole, chagua kilicho kizima, kibebe, ukisimamishe kwako na mlango uelekee unakotaka wewe.

Mungu akupe mvua nyuma yako na malisho mbele yako. Na kila utakapohama, akukumbushe kumpakia punda.