Mara ya Tatu

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, kule Edmonton, kaskazini mwa London, kibao cha langoni pa hifadhi ndogo nyuma ya mtaa wetu kilikataza mambo kumi na moja, kuanzia kuwasha moto hadi kuwapa bata mkate. Bibi, aliyetoka Mombasa kuja kunilea mama akiwa zamu hospitalini, alikataza moja tu.

"Ukiitwa penye miti na humwoni anayekuita, usiitike. Binadamu huita mara tatu. Shetani hafiki tatu."

"Na akiwa na sauti yako?"

"Hasa akiwa na sauti yangu. Nani atakuja kukuiba kwa sauti ya mtu usiyemjua?"

Hilo nililikariri kuliko jedwali la kuzidisha.

Ilikuwa mwisho wa Agosti, wiki ile London hujifanya haina habari na baridi inayokuja. Tulitembea taratibu kando ya bwawa, Bibi amejitanda leso juu ya koti la mama, akiwatazama bata. "Wamenona hivi, na hakuna wa kuwachinja?" Mimi nikaona matunda ya miibani, meusi kama forosadi. Nikachuma moja, nikaingia hatua mbili, kisha kumi. Nilipogeuka, njia haikuwepo. Miiba ilinishika sketi.

Nilipokuwa nikihangaika, nikaitwa.

"Mwanaidi!"

Sauti ya mwanamume, ikilitamka jina langu kama kitu cha moto mdomoni. Mara moja tu. Nikachuchumaa, nikaziba mdomo. Punde ikaita tena, sasa kutoka ng'ambo ya bwawa, na pale pia mara moja tu. Kitu kinachovuka maji upesi vile, nilijua ni kitu gani.

Walikuwa walinzi wawili wa hifadhi ambao Bibi aliwakimbilia, mmoja kila upande, wakifuata utaratibu wao: kila kituo unaita mara moja, unanyamaza, unasikiliza, unasonga mbele. Utaratibu mzuri kabisa, kwa mtoto yeyote asiyelelewa na bibi yangu.

Jua likashuka nyuma ya maghorofa. Matete yakaanza kusuguana. Mahali fulani maji yakalia chubwi.

"Mwanaidi!"

Bibi. Karibu kabisa. Mwili wangu wote ulitaka kuitika. Moja, nikahesabu.

"Mwanaidi, mwanangu!"

Mbili.

Kisha kimya. Nilingoja, na kimya kikazidi kurefuka, mpaka nikajua kwa hakika kwamba yule si Bibi, kwamba kitu kile kimeishia mbili na sasa kimesimama hapo nje kinanisubiri. Nikajikojolea.

"Mwanaidi!"

Ilikuwa sauti iliyopasuka, mbaya kusikia. Lakini ilikuwa ya tatu.

"Labeka, Bibi!"

Aliitenganisha miiba kwa mikono mitupu. Alinipiga kofi, akanikumbatia, kisha akauliza, "Mbona huitiki, wewe?"

"Ulikuwa hujafika tatu."

Akaketi chini, pale pale kwenye nyasi zenye maji.

Mama alifika mbio na sare yake ya kazi, akakuta mlinzi ana fomu. Kulikuwa na sehemu ya hatua za kuzuia tukio kama hili lisijirudie. Bibi akaamuru, mama akatafsiri kwa haya: watoto waitwe mara tatu. Mlinzi akaliandika neno kwa neno, kwa uzito wote wa serikali. Nadhani bado liko kwenye faili fulani, likisubiri kikao.

Miaka mingi baadaye, Bibi akichambua mchele jikoni kwangu, nilimuuliza kwa nini siku ile alikawia kuita mara ya tatu. Hakuinua macho.

"Yule mlinzi kijana alishaanza kuyatazama maji," alisema. "Mara mbili hukuitika, bado nina mjukuu anayehesabu. Nikiita ya tatu usiitike..."

Akarudi kwenye mchele wake.

Siku zote nilidhani hofu ya jioni ile ilikuwa yangu peke yangu, mle kichakani. Mwanangu sasa hucheza kando ya bwawa lile lile. Huitika kwa Kiingereza, akiitika, na haamini lolote. Nikimwita asijibu, naita mara ya pili, kisha naanza kutembea upesi kumtafuta.

Ya tatu naiweka akiba.