Siku Tulipoosha Radiatere

Wakati volkano ilishuka mujini, nilimuona mutu mumoja anakimbia na mulango kichwani. Si godoro, si mutoto. Mulango wa mbao, kufuli yake bado inaning'inia. Mimi mwenyewe nilibeba nini? Nadhani sufuria ya mama. Watu waliniambia baadaye kwamba nilikuwa nacheka, lakini hilo silikumbuki.

Basi, mawe ya volkano yalipopoa tulirudi mutaani kwetu Mabanga, tukajenga nyumba ya mbao juu yayo, kama kila mutu. Kuchimba choo kwenye mawe yale ni kazi ya kuua. Akaja kijana mumoja na chuma chake cha kuvunjia mawe, akatuchimbia, na shimo lilipoisha alikuwa amekwisha kumuzoea dada yangu. Ndiyo namna alivyokuwa shemeji yangu. Mama alisema mutu aliyevumilia jiwe lile atavumilia na dada.

Waasi wakaja wakaenda, wengine wakaja. Shemeji alikuwa amenunua gari kuukuu, lililokuwa linachemka kila likiona kilima. Siku moja masasi ya bunduki yakasikika upande wa Kibati, na watu wakaanza kushuka na magodoro. Miguu ya mama ilikuwa imekufa siku nyingi. Gari lile limufikishe Sake, ama abaki hapo kwenye kiti.

"Hivi halifiki," shemeji alisema. "Radiatere imejaa kutu, maji hayapiti kupoza motere. Tuioshe kwanza."

"Papa, si linatembea?" dada alimuambia mume wake. "Liache na kutu yake."

"Mama, wewe funga vyombo," shemeji alimujibu dada.

Tukangoja motere ipoe. Ukifungua kifuniko ingali moto, maji yanakurukia usoni. Nilimujua fundi mumoja aliyebaki na jicho moja kwa ajili ya hiyo, na bado alikuwa fundi. Shemeji akalala chini, akachomoa tiyo ya chini, ule mupira wa kupitisha maji. Maji yakatoka mekundu kama ya maharage. Bomba zilikuwa zimekauka tangu umeme ukatike, kwa hiyo tulitumia maji ya ziwa tuliyokuwa nayo kwenye bidoni, yale madumu ya plastiki. Anarudisha tiyo, tunajaza, anawasha motere kidogo, maji yanazunguka, anaichomoa, tunamwaga. Tunajaza tena.

Jirani mumoja, mama wa makamo, akapita na mafungo ya nguo kichwani, akamuita shemeji.

"Bofrere, vita iko Kibati, wewe unaogesha gari? Ulipake na mafuta basi, liende misa."

"Nitakuja kukubeba njiani," shemeji alisema.

"Na hilo? Miguu yangu haichemki."

Mwishowe maji yakatoka safi, unaweza kuyanywa. Tukapandisha magurudumu ya mbele juu ya mawe, ili hewa itoke, akarudisha tiyo akaikaza. Ikabaki kujaza. Bidoni zilikuwa zimekwisha, isipokuwa moja ambayo dada aliificha kwa ajili ya watoto wake. Aliileta mwenyewe. Shemeji akamimina yote.

Maji yakaanza kudondoka. Si kwenye tiyo. Kwenye radiatere yenyewe, hapa na hapa na hapa, kama mutu anatoka jasho. Kutu ile ndiyo ilikuwa inaziba matundu, na sisi tulikuwa tumeitoa yote. Tukatia unga wa muhogo, kuna watu wanafanya hivyo. Ukapita na maji.

Mama alikuwa mulangoni, amevaa kitenge chake cha dimanshi, cha kwendea misa. "Gari limekwisha kunywa?" akauliza.

 Baadaye mimi na dada tulimusukuma kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mpaka Mugunga, njia ya Sake, amekaa juu ya zile mbao na mafungo, watoto nyuma. Hakulalamika. Sikumbuki kama tulizungumza njiani.

Lakini kabla ya hapo shemeji alipangusa mikono, kidole kwa kidole, akatandika kitambaa juu ya kapo, kifuniko cha motere, kama mutu anatandika meza.

"Ninaenda kutafuta maji," alisema.

Bidoni zilikuwa hapo miguuni, tupu. Hakuchukua hata moja. Dada alimuangalia mpaka akakata kona, halafu akaendelea kufunga vyombo. Siku ile hakurudi, na baadaye pia hakurudi.