Kisu Alichokichagua Ogdo

Kofi la kwanza lilimkuta Ogdo ameshika birika la chai. La pili lilimkuta sakafuni, chai ikimchoma magoti. Kesha, mumewe, alikuwa ametoka mtoni kuvua, na huko kisu chake kilimponyoka kikazama. Kwa Kesha, kitu kilichopotea nje kilitafutwa usoni kwa mke.

"Kesho Fadey anakuja na gari la visu," alisema akihema. "Utanichagulia. Na ole wako unichagulie kibovu, nitakijaribu kwako kwanza."

Ogdo alijifuta damu puani kwa upindo wa gauni. Alitaka kumwambia kwamba kizuri ndicho angekijaribu kwake, maana mara mbili tayari alishawekewa ncha shingoni, na yule aliyeiweka alikuwa akicheka. Lakini kuna nyumba ambamo maneno yana bei, na Ogdo alikuwa ameshalipa meno mawili.

Wahenga wanasema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Ogdo alivukuta tangu mikono yake haijafikia ukingo wa pipa la kupozea chuma. Baba yake, mzee Semyon, mhunzi wa Tumul, kijiji cha Wasakha katika nchi ya theluji, hakupata mtoto wa kiume, basi alimfundisha binti yake kila kitu isipokuwa kupiga nyundo mbele ya wageni. Mzee alipokufa, karakana yake iliporomoka kwa uzito wa theluji, nyundo zikachukuliwa na majirani, lakini masikio ya Ogdo hakuna aliyeweza kuyabeba. Katika kijiji kizima hapakuwa na mwanamume aliyenunua kisu kabla Ogdo hajakigonga kwa ukucha na kukisikiliza. Tena ndiye waliyemwita baridi ikishakolea, siku za kuchinja farasi. Alijua mahali pa kila mshipa na kila kano, na kwa kisu cheusi alichoachiwa na baba yake, mnyama alimalizika mikononi mwake kabla hajajua kama ameguswa.

Walimheshimu, ndiyo. Heshima yenyewe ilikuwa na mpaka. Nyumba za Tumul ni za magogo, na magogo hayazuii kelele za mwanamke. Walimsikia usiku, asubuhi wakamletea visu.

Kesho yake Fadey alifungua milango ya nyuma ya gari lake, akatandaza turubai, akavipanga visu vyake. Wanaume walikuwa wameshajaa, wengine wakitafuna vipande vyembamba vya samaki wa kuganda. Ogdo alipofika, jicho lake la kushoto lilikuwa limefura likafumba kabisa.

"Jamani, leo vitapimwa kwa jicho moja!" mmoja akapiga kelele. "Fadey, punguza bei nusu!"

Wakacheka wote. Kesha naye akacheka, akampiga mkewe begani kama mtu ampigaye farasi wake mzuri. Fadey peke yake hakucheka.

"Njoo, binti Semyon," alisema. "Chagua, dada yangu, usiwasikilize hawa."

Viwili tu vilistahili muda wake. Cha kwanza kilikuwa cheusi, kina sura mbaya, kimefuliwa na mhunzi wa kijiji cha ng'ambo kutokana na springi ya lori kuukuu. Ogdo alikishika mgongo ukimwelekea jicho zima, akatazama kama kimepinda. Hakikupinda. Akakigonga, kikavuma kwa muda mrefu, sauti nzito. Akayaburuza makali juu ya ukucha wa kidole gumba, yakainama kidogo, yakarudi. Akakiegemeza gotini akakikunja, nacho kikanyooka chenyewe. Mpini ulikuwa wa kinundu cha mti wa mbetula, umechongwa umbo la yai ili usizunguke kiganjani hata mkono ukilowa damu. Alipopitisha tupa ya Fadey, iliuma chuma kidogo tu, kama inavyotakiwa.

Cha pili kilitoka kiwandani, huko mbali magharibi. Lo, kilikuwa kinang'aa! Kilikuwa na michoro ya mawimbi tangu ncha hadi mpini, na ala ya ngozi yenye kichwa cha mbwamwitu. Tupa iliteleza juu yake kama juu ya kioo. Kilipogongwa kililia kwa sauti nyembamba, sauti ikakatika ghafla. Makali hayakuinama kabisa juu ya ukucha. Baba yake alikuwa akisema hivi: chuma kisichojua kuinama, baridi haitakifundisha, itakivunja. Kisu cha pili kingemfaa mpishi wa nchi ya joto. Tumul, kwenye baridi inayopasua miti, kingevunjika kwenye mfupa wa kwanza mgumu.

Ogdo alisimama navyo, kimoja kila mkono. Kimoja kingedumu hadi siku ya kuingia shingoni mwake. Kingine kingevunjika: kikivunjikia shingoni mwake, yeye angebaki hai; kikivunjikia mbele ya Mzee aliyelala pangoni msituni, Kesha asingerudi. Wasakha hawamtaji dubu kwa jina, anasikia. Wanamwita Mzee, na kila mwanzo wa baridi Kesha na mdogo wake walikwenda kumtoa pangoni. Mimi sitampamba Ogdo. Alijua anachokifanya, alimtakia mumewe kifo, na moyo wake ulikuwa mtulivu.

"Hiki," akasema, akakiinua chenye kung'aa.

Mkono wa Fadey ukasita juu ya turubai. Kibaya hujitembeza, na huyu mwanamke ndiye aliyekuwa akiwaonya watu siku zote. "Una hakika, dada?"

"Masikio ni yako au yangu?"

"Yako."

"Basi kifunge."

Kesha alikipeperusha hewani kama mtoto mwenye fimbo. Wiki zilizofuata kilipasua kuni, kikakata nyama, kikakaa salama, maana baridi ya kweli ilikuwa bado. Alikinoa kila jioni mbele ya mkewe, taratibu, akimtazama.

Kisha baridi ikaja. Mate yalianza kuganda kabla ya kufika chini, na habari ikaja kwamba pango la Mzee limeonekana nyuma ya kinamasi. Asubuhi Miron, mdogo wake Kesha, alifika na farasi na miti ya kuzibia mdomo wa pango. Kazi ya Miron ilikuwa hiyo: asimame mdomoni, azuie kwa miti, na Mzee akipenya, awe na kisu. Kesha angekaa nyuma na bunduki, na kisu chake kikiwa akiba bunduki ikigoma. Miron alikuwa mtu mpole mwenye kigugumizi. Ndiye pekee kijijini aliyewahi kuusukuma mlango wa kaka yake wakati wa kelele. Siku hiyo alimkuta Ogdo ana mbavu zilizovunjika, akamfunika manyoya, akamkokota kwa sleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, hadi zahanati, na njia nzima alikuwa akilia na kumwomba msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya.

Ogdo alitoka uani na chupa ya chai ya maziwa. Akamwona Kesha anafungua ala kiunoni mwake.

"Shika hiki, bwana mdogo," Kesha alisema. "Hicho chako kimechakaa. Hiki amekichagua mama kisu mwenyewe. Mimi nina bunduki."

"Ka-kaka, kweli?" Miron aliangaza uso. "Asante! Shemeji, umeona?"

Ogdo aliona. Angeweza kuwapa chai, akarudi ndani. Miguu yake iligeuka kabisa kuelekea mlangoni. Halafu chupa ikamponyoka.

"Miron, kivue."

"Shemeji?"

"Kivue hicho! Kibovu!"

"We mwanamke umelewa?" Kesha alisema.

Ogdo hakumjibu. Alikichomoa kisu kiunoni mwa Miron, akapiga magoti mbele ya gogo la kupasulia kuni, akakishusha kwa nguvu zake zote kwenye kifundo cha mti kilichoganda. Mlio ulisikika nyumba zote. Nusu ya kisu iliruka ikapita juu ya mbwa, na mpini ukabaki mkononi mwake. Pale kilipovunjika chuma kilikuwa na chembe kubwa kubwa, mfano wa sukari.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu siku ya Fadey."

Hapo milango ikafunguka. Miaka yote ile alipigwa, alikokotwa nywele, alilia majina ya watu mmoja mmoja, na hakuna mlango uliofunguka. Sasa ilifunguka yote, kwa ajili ya kisu. Bibi Akulina wa nyumba ya pili alikuja mbio na kiatu kimoja.

"Mshenzi wewe! Umetudanganya? Mwanangu naye alikuuliza cha kwake! Ungeua mtu!"

"Kwa kisu hakuna mzaha, Ogdo," mwanamume mwingine akasema. "Hilo halisameheki."

Ogdo akaanza kucheka, na pengo lake likaonekana. "Ndiyo, bibi. Nilitaka kuua. Mbona jana usiku hukuja na kiatu?"

Kesha alielewa polepole, kama kawaida yake, na alipoelewa uso wake uligeuka mweupe. Kitako cha bunduki kilimpata Ogdo tayani. Akaanguka. Kikampata tena mgongoni, tena begani, na watu wa Tumul wakasimama wakitazama, wengine wakitikisa vichwa kwa masikitiko ya kisu. Miron alimrukia kaka yake, akasukumwa akaangukia miti yake mwenyewe. Kesha akaitupa bunduki, akazungusha msuko wa nywele za mkewe mkononi, akaanza kumkokota kuelekea ndani.

Mlango ukifungwa, amekwisha. Hilo Ogdo alilijua vizuri kuliko alivyokuwa akijua chuma. Kiunoni alikuwa na kisu cha baba yake, cheusi, kile cha kuchinjia. Hakukielekeza moyoni. Aliushika mkono uliomshika nywele, akakipitisha upande wa ndani wa kifundo, mara moja, mahali pale pale anapokata mguu wa mtoto wa farasi. Kano zikakatika, vidole vikafunguka vyenyewe, na msuko ukamwangukia begani.

Kesha alipiga yowe hata farasi wakavuta kamba. Damu ilifuka moshi juu ya theluji. Hakufa. Mkono ulipona majira ya joto, lakini haukukunja ngumi tena, wala haukushika kisu.

Miron alimfunga kaka yake kwa mkanda wake, juu ya kiwiko, akikaza kwa meno. Ogdo alikuwa ameketi thelujini, taya limekwenda upande, anafuta kisu kwa pindo la gauni.

"She-shemeji," Miron alisema bila kuinua kichwa. "Na kama asingenipa mimi?"

"Ningewapa chai," Ogdo alisema. "Ningewaaga."

Miron alikaza fundo la mwisho. Kisha akamwinua kaka yake, akampeleka kwenye sleji, na Ogdo akabaki pale uani na watu wote wa Tumul, ambao sasa hakuna hata mmoja aliyethubutu kumsogelea.